Jina Huja Mwisho

Waliokuwa nami juma lililopita waliniacha makaburini, nimesimama nyuma ya watu wote na konzi ya udongo mkononi, na hakuna aliyenipisha niitupe.

Kwa aliyechelewa, nasema kwa ufupi. Mimi ndiye sauti ya mji huu mdogo. Nafanya kazi katika chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Mbele yangu maikrofoni, chini yangu kiti kimoja cha mbao, juu ya paa spika ya honi yenye mdomo mpana kama beseni. Maji yakikatwa, natangaza mimi. Ng'ombe akipotea, natangaza mimi. Mtu akifa, natangaza mimi, tena kwa beti, maana sikuzaliwa kusoma habari ya mtu kikavu kama bei ya sabuni.

Jina la marehemu hulitia mwisho kabisa. Huo ni mtindo wangu, hakuna aliyenifundisha. Spika ikikohoa tu, mji mzima husimama, aliyeinua kikombe hakishushi, mpaka jina litoke.

Na kwa kuwa umeme wetu huja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga, nilikuwa narekodi mapema. Wazee na wagonjwa niliwatungia wakiwa hai, nikawasoma, nikawaweka tayari kwenye flashi. Siku ikifika ni kubonyeza tu.

Ndipo umeme ukarudi mchana mmoja nikiwa nje nakunywa chai. Mtambo ukajiwasha wenyewe, na sauti yangu ikautangazia mji kifo cha Mama Cherehani, mshonaji wetu, aliyekuwa mzima kabisa na uzi mdomoni. Watu wakabeba viti kwenda msibani, wakamkuta anampima mtu gauni. Alicheka mpaka machozi. Akawaambia wakae basi, si viti wamekuja navyo. Akaagiza niitwe nirudie beti yake, nikairudia, akanipigia makofi.

Kabla juma halijaisha tulimzika. Beti ikasomwa ile ile, sikubadili hata neno.

Mganga wa zahanati alisema ni presha, alikuwa nayo miaka. Mji ulisema ni mimi.

Haya, twende.

Siku ya pili baada ya mazishi niliingia kwa kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, kichwa amekinyoa upande mmoja. Mteja aliponiona kwenye kioo, aliinuka na kitambaa shingoni, akatoka na nusu ya nywele zake.

Kinyozi alizima mashine yake. Tumekua pamoja, tumeibiana peremende tangu wadogo. Akaifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kaka, sikufukuzi," alisema. "Ila hiki kiti ndicho kinachonilisha."

"Nanyoa ndevu tu."

"Ukikaa hapo nitaanza kujiuliza unawaza nini juu yangu. Mkono utatetemeka. Mwisho nitakukata, halafu utaniandika."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikatoka na ndevu zangu. Barabarani watu walikuwa bado wananisalimu, lakini salamu zilikuwa fupi, na kila aliyenisalimu aliniambia, bila kuulizwa, kwamba anajisikia vizuri sana. Muuza mkaa alikohoa, akageuka haraka kunieleza kwamba ni vumbi. Fundi baiskeli, ambaye ana kilema cha mguu tangu utoto, alipita mbele yangu akijitahidi asichechemee.

Jioni hiyo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alinivizia uani. Alizungusha maneno kwa muda mrefu, akaniulizia mama yangu, akanisifu sauti, kisha akafika. Aliomba nimtungie mama mkwe wake.

"Anaumwa?" niliuliza.

"Haumwi. Ndiyo shida yenyewe." Akatazama huku na huku. "Fupi tu. Hata mistari miwili."

Nilimwambia mimi ni mtunzi, si mchawi. Akaondoka amenuna, kama mtu aliyenyimwa chumvi.

Sasa nisiwafiche. Sehemu moja ya moyo wangu iliogopa. Lakini sehemu nyingine ilikuwa imevimba. Kwa miaka walinisikiliza huku wanapepeta mahindi, leo wananiogopa kama mvua ya mawe. Nani kati ya wasomi wa mji huu amewahi kutunga neno likatingisha mtu? Nilitembea kifua mbele. Mungu anisamehe, nilitembea kifua mbele na udongo wa yule mama bado uko kwenye kucha zangu.

Mwenye mashine ndiye aliyenitoboa. Aliniita chini ya mkanda wa mashine iliyokuwa imesimama, akaniambia wateja wameanza kupeleka nafaka zao mji wa pili. Hawataki kupanga foleni chini ya ile spika. Hakutaka kunifukuza. Alitaka kitu kimoja tu, kuanzia sasa jina litajwe mwanzo, kama redio zote duniani.

"Nikilitaja mwanzo, nani atasikiliza yaliyobaki?" nilimjibu.

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko tusi.

"Kwa hiyo miaka yote hii, bwana mdogo, walikuwa wanasimama kwa ajili ya beti zako, au kwa ajili ya hofu?"

Nilimwambia nitafikiria.

Siku hiyo hiyo mchumba wangu aliniuliza swali lake.

Yeye anauza katika duka la dawa, mkabala na soko. Baba yake ni Fundi Saa, ambaye kila saa ya mkononi iliyo hai katika mji huu imepita kwenye kibano chake. Ni mzee mgumu. Nilipopeleka posa, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nina maneno mengi kwa mtu mwenye kiti kimoja. Akanikubalia hata hivyo, kwa ajili ya binti. Tangu mazishi alikuwa amelala. Kifua kilimbana, akashindwa hata kukaa kwenye kiti chake cha kazi barazani.

Mchumba wangu alikuwa anahesabu vidonge kwenye kisahani. Hakuinua uso.

"Nijibu kitu kimoja tu, halafu sitakuuliza tena. Baba yumo?"

Nilijua anauliza nini. Kwenye flashi.

Alikuwemo. Nilimtungia siku ile ile nilipopita barazani kwao nikaona kiti chake kitupu, mto wake umebonyea katikati. Ilitoka kwa pumzi moja, kama ilikuwa inanisubiri. Katika zote nilizowahi kutunga ilikuwa ndiyo bora. Kila nikikusudia kuifuta, kidole kilikataa.

"Hayumo," nilisema.

Akashusha pumzi. Akanishika mkono juu ya kaunta, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikauacha mkono wangu pale, nimetulia, mwongo mkubwa.

Siku iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi. Na Fundi Saa akaniita.

Niliingia chumbani kwake nimevua viatu. Kuta zote zilikuwa saa. Za ukutani zilikuwa zinagonga, za mkononi zimening'inizwa kwenye misumari, na hakuna mbili zilizogonga pamoja. Chumba kizima kilisikika kama mtu anatafunwa taratibu na wadudu. Mzee amelala katikati, shuka mpaka kidevuni, macho makali.

"Funga mlango," alisema. "Nisomee."

"Nikusomee nini, mzee?"

"Usinichezee, kijana. Mtu mwenye kiburi kama chako hawezi kuniona nimelala akaacha kunitungia. Nisomee kabla hujanisomea."

Nilimwambia sina. Akafumba macho kama aliyechoka na watoto.

"Beti ya yule mshonaji nimeisikiliza mara mbili," alisema. "Nzuri. Lakini mstari wa tatu ulichechemea. Mji mzima ulikuwa unalia, mimi nikawa nasikia mguu mfupi."

Jamani, damu ilinipanda. Sijakaa darasani kujifunza shairi. Mizani nimejifunza kwa mshindo wa mashine ya kusaga, napiga vidole kwenye gunia la pumba mpaka maneno yakae sawa na injini. Na huyu mzee, amelala na kifua kinapiga filimbi, ananiambia beti yangu ina mguu mfupi.

Basi kiburi kikanifungua mdomo. Hofu iliniambia ninyamaze, mimi nikainama karibu na sikio lake nikasoma, kwa sauti ya chini, beti ambayo nilikuwa nimeapa haimo.

"Fungeni milango yenu, mji wote nyamazeni,
Mtu alokuwa wenu, leo hatakaa kitini,
Vumbi la viatu vyenu, lisifike mlangoni,
Lieni, kipenzi chenu..."

Aliinua kidole kimoja. "Jina liache."

Nikaliacha. Saa ziligonga. Niliona machozi mawili yakimtoka pembeni ya macho, yakaenda masikioni, wala hakuyafuta.

"Mstari wa pili umezidi pigo moja," alisema.

"Haujazidi."

Akatoa mkono nje ya shuka, akaugonga ukucha wake kwenye ubao wa kitanda, pigo kwa pigo, leo ha-ta-ka-a ki-ti-ni, na lile la tisa likadondoka peke yake, halina mwenzake. Nilisikia. Masikio yalinichoma kwa aibu.

"'Hatakaa' ni neno la mtu anayesubiri," alisema. "Sema 'hayupo'. Leo hayupo kitini. Umeona? Imekaa."

Ilikuwa imekaa. Ilikuwa imekaa hivi kwamba nywele zilinisimama. Nilijaribu kutabasamu, nikamwambia nitairekebisha akishapona. Akaniambia, kwa upole ambao sikuutegemea, niirekebishe ila nisiiweke mahali inapoweza kujisemea.

Nilipofungua mlango, mchumba wangu alikuwa amesimama nje yake, na kikombe cha dawa mkononi. Kilikuwa kimetulia kabisa. Hakikutetemeka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Hayumo," alisema. Alilirudia neno langu kwa sauti yangu.

Nilianza kueleza. Kwamba ni beti moja tu. Kwamba ndiyo bora. Hapo kwenye bora nilijua nimejimaliza.

"Umemlaza baba yangu kwenye kitu kidogo kama ukucha," alisema, "umemweka mfukoni, unamsubiri. Halafu unanishika mkono."

"Nitaifuta."

"Usifute. Ivunje. Niletee vipande mkononi, leo hii, kabla umeme haujarudi. Usipoleta vipande usilete miguu yako."

Nilikimbia. Mtu mzima, mtangazaji, nilikata soko mbio na viatu mkononi, na kila aliyeniona nakimbia alijiuliza nani tena.

Chumba changu kilikuwa kimya. Mtambo umezimika, taa yake ndogo imekufa. Nikachomoa flashi. Nawaambia ukweli, niliishika kwa muda. Niliwaza kwamba beti ninayo kichwani, kwamba naweza kuivunja flashi na nisipoteze kitu. Tena niliwaza, la aibu kuliko yote, kwamba sasa, ikiwa na 'hayupo', ni bora zaidi, na ingestahili kurekodiwa upya.

Nikaiweka juu ya kizingiti, nikachukua jiwe la kuzuia mlango, nikapiga. Nikapiga tena. Mama Cherehani alikuwemo humo, na wazee wote wa mji, na mama yangu mwenyewe, ndiyo, hata mama nilikuwa nimeshamtungia. Nikavikusanya vipande vyote kwenye kiganja. Kiti nikakiacha mbele ya maikrofoni. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni, nikashika njia ya kwa Fundi Saa.

Nilikuwa katikati ya soko umeme uliporudi.

Mnajua jinsi unavyorudi. Redio ya kinyozi ilianza na neno la katikati. Mashine ya kusaga iliguna. Watu wakasema "aaa" kwa pamoja, kama kawaida, wakafurahi.

Halafu spika ikakohoa.

Nilitazama kiganja changu. Vipande vilikuwa pale, chuma kidogo na plastiki nyeusi, nimevifinya mpaka vimenikata.

"Fungeni milango yenu, mji wote nyamazeni," ilisema sauti yangu juu ya paa.

Kila mtu alisimama. Aliyekuwa anapima kunde aliacha kopo hewani. Na mimi nilisimama, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikiliza tangazo langu kama wanavyosikiliza wao, bila kujua mwisho. Haliwezi kuelezeka. Unawahesabu wako mmoja mmoja.

"Mtu alokuwa wenu, leo hayupo kitini."

Hayupo.

Neno hilo sikulirekodi. Lilizaliwa asubuhi hiyo katika chumba kilichofungwa, na walioko duniani waliolisikia ni watatu. Mmoja amelala kitandani. Mmoja alikuwa nyuma ya mlango. Wa tatu yuko hapa sokoni na vipande mkononi.

"Vumbi la viatu vyenu, lisifike mlangoni," iliendelea, polepole, ikinyoosha maneno jinsi ninavyonyoosha mimi. Mizani ilikuwa sawasawa. Hata katika hofu ile nilisikia kwamba ilikuwa sawasawa, na kwamba sijawahi kusoma vizuri namna ile.

"Lieni, kipenzi chenu..."

Umeme ukakatika.

Jina halikutoka.

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja mwenye duka la vyombo, mnene, mwenye akili nyepesi, akafanya jambo ambalo silisahau. Alivuta kigoda chake, akakaa. Akakaa kwa nguvu, mikono magotini, kama anayeonyesha wanaopita kwamba yupo. Jirani yake alimwona, akakaa juu ya gunia. Muuza mkaa akakaa juu ya mkaa. Kinyozi, nilimwona mlangoni kwake, alijitupa kwenye kile kiti chake kinachomlisha na kuishika mikono ya kiti. Mwenye mashine akakaa kwenye ngazi. Ambao hawakuwa na kitu walikaa chini, kwenye vumbi, wazee kwa wadogo. Ilikuwa kama upepo umepita juu ya shamba.

Soko zima lilikuwa limekaa. Niliyesimama nilikuwa peke yangu.

Walinitazama. Hawakunitukana, na ningeshukuru wangenitukana. Fundi baiskeli, aliyekuwa karibu nami, alijisogeza kidogo kwa makalio, akaniachia nafasi kubwa kuliko inayohitajika.

Nikafikiria Fundi Saa, kifua chake, ukucha wake kwenye ubao. Nikasema moyoni, basi imetokea, nimemuua kwa neno lake mwenyewe.

Ndipo nikamwona mchumba wangu. Alitoka upande wa kwao, anatembea katikati ya watu waliokaa, anakwepa magoti yao. Hakuwa analia. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa mkononi, kama aliyekivua akakisahau. Alifika mbele yangu, akakitazama kiganja changu, akaviona vipande na damu. Uso wake ukabadilika.

"Uliivunja kweli," alisema.

"Nimeivunja. Nakuapia. Baba..."

"Baba ameamka." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Aliposikia spika aliinuka mwenyewe. Nilimzuia, akanisukuma. Ametoka mpaka barazani, amekaa kitini kwake, ameomba chai. Kifua hakipigi filimbi."

Nilitaka kumkumbatia. Alirudi nyuma hatua moja.

"Amenituma," alisema. "Amesema nikimbie nikuulize. Amesema, mwambie mimi niko kitini kwangu. Je, yeye kiti chake kina nani?"

Niliushika ufunguo mfukoni. Kiti changu kilikuwa nyuma ya mlango niliofunga kwa mkono wangu, mbele ya maikrofoni, kitupu.

Redio ya kinyozi ikaanza na neno la katikati.

Watu wote waliokuwa wamekaa wakainua nyuso zao juu ya paa, na spika, taratibu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kutaja jina, ikakohoa.